Watu Wangapi Wanakula Hapa?

Karibu kila hojaji niliyobeba katika mitaa ya Kisumu ya Nyalenda, Manyatta au Obunga huanza na swali moja: nyumba hii ina watu wangapi? Mhojiwa anajibu, nabonyeza nambari kwenye tableti, tunaendelea na maji, choo, kodi, mapato na madeni. Swali lenyewe huchukua sekunde chache na hakuna anayelitilia shaka. Lakini ndilo linaloamua nani ataonekana katika kila jedwali litakalochorwa baadaye, na kwa miji yetu ya magharibi naamini linawaacha nje watu wengi mno ambao maisha ya nyumba hiyo yanawategemea.

Maana rasmi ya kaya hapa Kenya anaijua kila karani aliyewahi kuhesabu watu: wanaoishi katika boma moja, wanaopika na kula pamoja, na wanaomtambua mtu mmoja kuwa mkuu wao. Sensa ya 2019, usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, ilitumia kipimo hicho ikapata kaya milioni 12.1, zenye wastani wa watu 3.9. Miaka kumi kabla ya hapo wastani ulikuwa 4.2. Tangu matokeo yatoke nimesikia watu wakisema familia ya Mkenya inanywea, inageuka kuwa ya baba, mama na watoto wawili, na ukoo unakufa polepole. Uzazi umepungua kweli, sibishani na hilo. Ninachobishia ni kuchukua idadi ya wanaolala chini ya paa moja na kuifanya kipimo cha familia.

Nichukue nyumba moja ya Nyalenda, na nimebadilisha mambo madogomadogo ili mwenyewe asitambulike. Ni chumba kimoja cha mabati katika ploti yenye vyumba kama hivyo vimepangana mlango kwa mlango. Pazia la maua limekigawa: huku kitanda, huku kochi na meza. Jiko la makaa liko kizingitini ili moshi utoke nje. Jerikeni tatu za njano zimepangwa ukutani, mbili zina maji. Mama mwenye nyumba huuza omena katika soko la Kibuye. Nilipomuuliza wako wangapi alisema watatu, yeye na watoto wawili wadogo. Nikaandika watatu.

Tulipofika kwenye chakula nikaona nusu gunia la mahindi nyuma ya mlango. Limetoka Luanda, Vihiga, kwa mama mkwe, likapandishwa matatu na makanga akapewa chake alishushe steji. Tulipofika kwenye kodi akasema ya mwezi huo imelipwa na mumewe, ambaye yuko Naivasha kwenye shamba la maua na huja anapopata ruhusa. Kwenye elimu, kumbe kifungua mimba anasoma hukohuko Luanda na anaishi na nyanya yake, ila sare na daftari hununuliwa Kisumu. Kisha msichana akaingia, akavua viatu, akapita moja kwa moja nyuma ya pazia kubadilisha nguo. Huyo ni binti wa dada yake. Anasuka nywele Kondele, na siku za kazi hulala hapo kwa sababu nauli ya kurudi Kiboswa kila jioni ingemmaliza. Mama akaniuliza bila ubaya wowote, “Sasa daktari, hawa wengine unawaandika wapi?” Huku kwetu ukishaonekana na tableti mkononi na kitambulisho shingoni, wewe ni daktari tu.

Hojaji ilikuwa na mahali pa kuwaandika. Paliitwa misaada kutoka nje ya kaya. Mahindi ya mama mkwe yaliingia hapo, na kodi iliyolipwa na mume ikaingia hapohapo, sawa na vile ambavyo ningeandika chakula kilichotolewa na kanisa. Mumewe akawa mfadhili. Mama mwenyewe akawa mwanamke mkuu wa kaya, mwenye kipato kidogo, anayelea peke yake. Kila neno la fomu ile lilikuwa sahihi kwa maana iliyowekwa, na picha iliyotoka haikufanana na maisha ya mama yule. Yeye halei peke yake. Ana wenzake watatu au wanne kazini katika familia moja, wametawanyika kutoka Luanda hadi Naivasha.

Si kwamba watafiti wa jamii hawajaliona hili. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Thomas Weisner, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kufuatilia familia za Kisa, upande wa Khwisero katika Kaunti ya Kakamega ya leo, pamoja na jamaa zao waliokuwa wakiishi Kariobangi, Nairobi. Hakuwalinganisha watu wa mjini na watu wa kijijini kana kwamba ni makabila mawili. Aliwaoanisha: huyu aliyeko mjini na mwenzake wa ukoo uleule aliyebaki nyumbani. Mwaka 1977 yeye na Marc Howard Ross wakachapisha makala kuhusu mtandao huo wa wahamiaji, na hoja yao ni kwamba mji na kijiji vilikuwa uwanja mmoja wa maisha. Wake na watoto walikwenda na kurudi. Uamuzi kuhusu shamba ulifanywa mjini, na uamuzi kuhusu kazi ya mjini ulifanywa kijijini.

Kuna sehemu ya kazi ya Weisner inayonigusa zaidi, nayo ni ya watoto. Aliwaangalia watoto wa familia hizohizo wakiwa mjini na wakiwa nyumbani, akaona wa mjini wanasumbuana na kuwasumbua wakubwa zaidi. Mtu wa haraka atasema mji unaharibu watoto. Lakini hebu fikiria siku ya mtoto wa Luanda: anachota maji, anafukuza kuku kwenye mahindi, anambeba mdogo wake mgongoni huku binamu wawili wakubwa wakiwa karibu. Mlete mtoto huyohuyo kwenye chumba kimoja Nyalenda. Hana kazi ya kufanya, hana binamu, na mama mmoja aliyechoka ndiye mlezi wa pekee. Kilichobadilika hapo ni mgawanyo wa kazi, na tabia ya mtoto ikafuata. Kila nikisikia wazazi wa mjini wakilaumiwa kwamba hawajui kulea, hukumbuka hilo.

Maisha haya ya familia kugawanywa mahali pawili yana walioyapanga. Reli ilipofika ufuko wa Kisumu mwaka 1901, na miji ya reli ikaanza kukua, serikali ya kikoloni na waajiri walitaka mikono ya wanaume bila familia zao. Mshahara ukapimwa kwa tumbo la mwanamume mmoja, na makazi yakapimwa kwa kitanda. Mke abaki shambani, alime, alee watoto, amuuguze mumewe atakaporudi mgonjwa, na amtunze atakapozeeka. Kwa hiyo shamba la mke lililipa sehemu ya gharama ya kazi ya mume, na mwajiri hakutoa senti. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza malipo ya kutosha kulisha familia mjini. Lilikuwa pendekezo jema. Ila vyumba vilikuwa vimeshajengwa, na mazoea yalikuwa yameshakomaa.

Pita leo mitaa ya zamani ya Nakuru kama Bondeni na Kaloleni uone nyumba za chumba kimoja zilizojengwa na baraza la mji, sasa ndani mna familia nzima. Halafu vuka uende Kaptembwo au Rhonda, ambako hakuna mkoloni aliyejenga chochote. Landilodi wa leo, Mkenya mwenzetu, amejenga chumba kilekile. Amepiga hesabu vizuri, kwa sababu mlinzi wa usiku, fundi wa mjengo na mchumaji wa maua bado wanalipwa pesa ya kumtosha mtu mmoja. Mshahara wa mji unaweza kubaki chini hivyo na watu wasife njaa kwa sababu kuna gunia linalotoka Luanda. Hili ndilo ningependa lisemwe wazi katika kila ripoti kuhusu ajira Nakuru na Naivasha: kampuni inayolipa mshahara usiotosha inaendeshwa kwa sehemu na mama mkwe aliyeko kijijini, naye hajawahi kutajwa kwenye vitabu vyake.

Na kijiji chenyewe kimebanwa. Vihiga ilikuwa na watu 1,047 kwa kila kilomita ya mraba katika sensa ya 2019, msongamano ambao nchi nyingine wangeuita mji. Nusu ekari imegawanywa kwa wana watatu, na wajukuu wanakua. Mahindi hayo hayawezi kuendelea kuongezeka.

Wachumi walikuwa na maelezo yao kuhusu kwa nini watu wanahamia mjini. Maarufu kuliko yote yalizaliwa kutokana na Kenya yenyewe: John Harris na Michael Todaro, mwaka 1970, walisema mtu huhama akilinganisha kipato cha kijijini na kile anachotarajia mjini, akitia ndani uwezekano wa kukosa kazi. Ndiyo maana serikali na waajiri walipokubaliana mwaka 1964 kuongeza nafasi za kazi, waliomiminika mjini kuzitafuta walikuwa wengi kuliko nafasi zenyewe. Naiheshimu hesabu hiyo, imefafanua mengi. Lakini anayepiga hesabu ndani yake ni mtu mmoja aliyesimama peke yake barabarani na mfuko wake. Sijawahi kukutana naye. Ninaokutana nao wameketi jioni nyumbani wakaamua huyu aende Naivasha, huyu abaki na mzee, huyu mdogo apelekwe kwa shangazi Kisumu asome. Familia imesambaza watu wake kama mkulima anavyopanda mahindi, maharagwe na mihogo katika shamba moja, ili mvua ikigoma kitu kimoja kiponee.

Sasa nije kwenye pesa, maana hapo ndipo undugu unaonekana na sura zake mbili.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na bila shaka ndiyo iliyofanya familia ya majiko mawili, la mjini na la kijijini, iendeshwe kila siku badala ya kila mwisho wa mwezi. Wachumi Tavneet Suri na William Jack waliifuatilia kwa miaka. Katika utafiti waliochapisha 2014 walionyesha kwamba nyumba isiyoitumia ikipatwa na pigo, tuseme ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake hushuka kwa takriban asilimia 7, ilhali nyumba inayoitumia haishuki. Sababu ni ndugu. Pesa hutoka kwa wengi zaidi, na hutoka mbali zaidi. Mwaka 2016 wakakadiria kwamba kaya 194,000 zimetoka katika ufukara kwa ajili ya huduma hiyo, na wanawake 185,000 wamehama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda biashara. Mtu yeyote aliyewahi kupigiwa simu saa tano usiku kuambiwa mtoto amelazwa, akatuma elfu moja kabla simu haijakatika, anaijua maana ya takwimu hizo.

Lakini upo utafiti mwingine, wa vijijini vya magharibi mwa Kenya, ambao wahoji wenzangu wengi hawaujui na natamani wangeujua. Pamela Jakiela na Owen Ozier, katika makala ya 2016, waliwapa watu pesa kidogo katika jaribio na kuwaachia wachague kiasi cha kuwekeza. Wengine walijua majirani na jamaa wataona mapato ya uwekezaji wao, wengine walijua yatabaki siri. Wanawake ambao mapato yao yangeonekana walichagua kwa namna ya kuficha kiasi walichopewa, hata pale uchaguzi huo ulipowapunguzia faida. Waliokuwa na jamaa ndani ya chumba kilekile ndio waliofanya hivyo zaidi. Watafiti wakakadiria kwamba wanawake hao walikuwa wakiishi kana kwamba asilimia 4 ya kipato chao kinachoonekana itaombwa na wengine, na zaidi ya hapo ikiwa jamaa wa karibu wanaona.

Nimeyaona haya kwa macho bila jaribio lolote. Nimeona mama akinunua matofali kumikumi, akiyapanga nyuma ya nyumba, kwa sababu matofali hayakopeshwi na shemeji. Nimeona chama cha kina mama kikikutana si kwa sababu hawana pa kuweka pesa, bali kwa sababu pesa ya chama ina mwenyewe mwingine wa kumsingizia: “Shemeji, hiyo si yangu, ni ya chama.” Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walipowafungulia akaunti za akiba wafanyabiashara wadogo wa Bumala, Busia, akaunti ambazo kutoa pesa kulikatwa ada na riba haikuwepo, wanawake wa sokoni walizitumia na kuongeza pesa waliyoweka katika biashara zao. Akaunti inayokula pesa kidogo ilikuwa afadhali kuliko mfuko ambao kila mtu anaujua.

Kuna wanaosoma matokeo kama haya na kusema undugu ni ushuru, uondolewe ili watu waendelee. Nasema hawajamaliza kusoma. Ndugu anayeomba leo ndiye atakayetuma saa tano usiku kesho. Mwanamke anayeficha matofali anajikatia nafasi ndogo ya kupumua ndani ya undugu anaotaka kubaki nao, maana anajua siku gunia la Luanda likikoma atashindwa. Utafiti unaopima kinachotumwa bila kupima kinachofichwa, au kinachofichwa bila kupima kinachotumwa, umesoma ukurasa mmoja.

Na yule nyanya aliyebaki na kifungua mimba, yeye amefanya kazi gani? Kwenye hojaji nyingi ataandikwa hafanyi kazi. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya muda wa 2021 ulionyesha kwamba wanawake Kenya hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Kuna kipimo cha thamani ya ulezi huo kutoka Korogocho, Nairobi. Shelley Clark na wenzake, katika makala ya 2019, waliwalipia akina mama wa mtaa huo gharama ya kuwaweka watoto kwenye vituo vya kulelea. Waliolipiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa pointi 8.5 za asilimia. Wale wasio na waume, ambao wengi walikuwa wakifanya kazi tayari, waliweza kupunguza saa bila kipato kushuka. Nyanya wa Luanda hufanya kazi ya kituo kile bila malipo, usiku na mchana, likizo na mvua. Akifika miaka 70 serikali humpa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, na humpa kama mzee asiyejiweza.

Manyatta na Nyalenda zina jambo jingine ambalo mgeni hulishangaa. Mpaka wa manispaa ulipopanuliwa miaka ya 1970, mashamba ya wenyeji yaliingizwa mjini yakiwa na wenyewe. Ndiyo sababu hadi leo unaweza kukuta ploti ya vyumba vya kupangisha, na katikati yake makaburi mawili ya familia yaliyosakafiwa, nguo za wapangaji zikianikwa juu ya kamba iliyopita hapo karibu. Kwa mwenye ploti, mji ulimfuata nyumbani. Kwa mpangaji wake, nyumbani ni kwingine. Wote wawili sensa huwaandika wakazi wa mjini.

Kama ningepewa swali moja tu la kujua mipaka ya familia ya mtu Kisumu, ningemuuliza atazikwa wapi. Kila mtu mzima wa umri fulani anaikumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 baada ya kuishi na kufanya kazi Nairobi. Mjane wake alitaka amzike Ngong, karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukataka arudishwe Siaya. Mahakama ya Rufani iliamua kwa upande wa ukoo, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Mimi nilimhurumia sana mjane, na bado namhurumia. Mke aliyeishi na mtu maisha yake yote alistahili kusikilizwa zaidi. Lakini kesi ile ilionyesha nchi nzima kwamba anwani ya mtu na makao yake vinaweza kuwa vitu viwili. Makundi ya matanga yaliyojaa mjini, watu wa kijiji kimoja wakichanga kila mwezi kwa ajili ya kusafirisha maiti, yapo kwa sababu hiyohiyo.

Hili lina uzito leo kuliko jana. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri huongeza kiasi hichohicho, ili zijengwe nyumba mijini. Sipingi nyumba. Nimeona mvua ikiingia Nyalenda. Lakini mpango unamhesabu yule mume wa Naivasha kama mnunuzi wa fleti Naivasha, na mke wake kama mnunuzi mwingine Kisumu, ilhali wanachojenga wao kwa pamoja, tofali kwa tofali, kiko Luanda. Anachohitaji mke mjini ni chumba cha pili chenye kodi anayoweza kulipa, mahali binti wa dada yake atalala bila kupita nyuma ya pazia, na kituo cha watoto karibu na Kibuye. Hatukuwahi kumuuliza hivyo, kwa sababu fomu ilishaamua wako watatu.

Maswali ya kuongeza ni machache na yanaulizika. Chakula kilichopikwa hapa wiki hii kilitoka wapi? Pesa iliyopatikana hapa mwezi uliopita ilikula wapi? Shule zikifungwa mtoto anakwenda kwa nani? Nani alishauriwa kabla ya wewe kuja mjini? Halafu kwa kila jina linalotajwa, nambari ya simu kwa idhini yake, na mhoji wa pili upande wa pili. Weisner aliwafuata watu wake kabla ya simu za mkononi kuwepo. Sisi tuna simu na lami. Chuo Kikuu cha Maseno kiko kando ya barabara hiyohiyo inayotoka Kisumu kwenda Luanda, na kina wanafunzi wa sosholojia wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Mmoja akae na mama wa Nyalenda, mwenzake akae na mama mkwe Luanda, jioni ileile, na waandike kaya moja.